Kocha kapita, winga kakwama: uraia, kibali na leseni kwenye gemu la ukocha

Mdogo wangu alianzisha sevu mpya ya Football Manager, gemu la kompyuta ambalo wewe ndiye kocha wa klabu, usiku wa Ijumaa, kompyuta juu ya stuli, sisi chini kwenye mkeka. Akajaza jina lake. Uraia: Tanzania. Historia ya kucheza mpira: ndondo za mtaani. Leseni ya ukocha: hana. Klabu: Manchester City. Chai haijapoa, tayari ameshapokelewa na bodi na kupangiwa bajeti ya usajili. Viza hakuulizwa, cheti hakuulizwa.

Kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa cha kizalendo. Akamtafuta winga wa miaka 19 wa Azam, akapeleka ofa, Azam wakakubali bila kubembelezwa. Kisha ukaja ujumbe: kijana huyu hana matumaini ya kupata kibali cha kazi Uingereza. Akanigeukia. "Kaka, yeye Mtanzania, mimi Mtanzania. Sasa mimi nimepitaje?"

Jibu fupi ni kwamba amepita kwa sababu gemu ni lake. Wakimzuia uwanja wa ndege, nani atacheza? Jibu refu linahitaji tutenganishe mambo manne ambayo kwa mbali yanafanana: uraia, kibali cha kazi, leseni ya ukocha, na nafasi ya mchezaji wa kigeni kwenye orodha ya usajili. Kila mlango una bawabu wake. Uraia unatolewa na serikali. Kibali cha kazi nacho ni cha serikali, ila mara nyingi dirisha lake ni jingine. Leseni iko mikononi mwa vyama vya soka. Nafasi za wageni hupangwa na ligi. Gemu linaonyesha bendera ndogo pembeni mwa jina la mtu, na sisi tunadhani bendera hiyo inajibu maswali yote manne.

Emery wa 2018 na Emery wa 2022

Uingereza ndiko kwenye kasheshe kubwa zaidi, kwa hiyo tuanzie huko.

Mei 2018 Arsenal walimwajiri Unai Emery, Mhispania. Aliingia kama anavyoingia mtu wa Kibaha akienda kufanya kazi Kariakoo, kwa kuwa raia wa nchi yoyote ya Umoja wa Ulaya wakati huo hakuhitaji kibali kufanya kazi Uingereza. Oktoba 24, 2022 Aston Villa wakamtangaza kuwa kocha wao mpya. Safari hii tangazo lilikuja na mkia: ataanza kazi Novemba 1, taratibu za kibali zikishakamilika. Katikati hapo timu ikabaki kwa Aaron Danks, na Oktoba 29 ikaenda Newcastle ikapigwa 4-0. Emery alipokaa kwenye benchi Novemba 6, Villa wakaifunga Manchester United 3-1.

Mtu ni yule yule, pasipoti ni ile ile. Kilichobadilika ni Uingereza yenyewe. Ilitoka Umoja wa Ulaya Januari 31, 2020, na ruhusa ya raia wa Ulaya kuingia na kufanya kazi kwa uhuru ikakoma mwisho wa mwaka huo. Kuanzia Januari 1, 2021 Mhispania, Mreno na Mtanzania wote wakawekwa kwenye foleni moja. Ruben Amorim, Mreno, alipotangazwa na Manchester United Novemba 1, 2024, taarifa ya klabu ilisema wazi kwamba atajiunga kwa kutegemea masharti ya viza ya kazi. Waliobaki nje ya foleni ni raia wa Ireland, kwa sababu nchi hizo mbili zina makubaliano yao ya zamani ya watu kuingia na kutoka bila vikwazo.

Foleni yenyewe ina hatua mbili. Kwanza chama cha soka cha England, FA, kinatoa barua ya kumkubali mtu huyo. Pili serikali inatoa viza, ambayo tangu Oktoba 2021 inaitwa viza ya mwanamichezo wa kimataifa, na ukitaka kukaa zaidi ya miezi 12 unatakiwa uonyeshe kwamba unakijua Kiingereza kidogo. Kigumu ni hatua ya kwanza. FA haimuulizi kocha mkuu kutoka nje anatoka nchi gani. Inamuuliza amefundisha wapi na kwa muda gani: awe na leseni ya juu, na ndani ya miaka 5 iliyopita awe amekuwa kocha mkuu miezi 24 mfululizo, au jumla ya miezi 36, kwenye ligi zilizoorodheshwa kuwa kubwa. Ligi yetu haimo kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo mtu anaweza kubeba ubingwa wa Tanzania mara tatu mfululizo, na mbele ya FA akahesabiwa hana hata mwezi mmoja.

Sasa rudi kwa mdogo wangu na ndondo zake.

Watengenezaji wa gemu, Sports Interactive wa London, wanazijua sheria hizi vizuri. Katika toleo la 2017, lililotoka miezi michache tu baada ya Waingereza kupiga kura ya kujitoa Ulaya, waliweka matokeo kadhaa tofauti ya kura hiyo ndani ya gemu: kwenye sevu moja wachezaji wa Ulaya wanaendelea kuingia bure, kwenye nyingine kila mtu anatafuta kibali. Wanasiasa wenyewe walikuwa bado hawajaelewana. Kwa hiyo kocha wa ndondo anapitishwa kwa makusudi. Hiyo ndiyo ruhusa ya kuota anayopewa mnunuzi, na mimi sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba kijana akishazoea kupita hivyo, anaanza kuamini kwamba kinachowazuia makocha wa kwetu ni rangi ya pasipoti peke yake.

Kilichomkwamisha winga

Kwa mchezaji gemu halina huruma. Mfumo wa England ni wa pointi, na anatakiwa afikishe 15. Njia rahisi ni timu ya taifa: nchi yako ikiwa ndani ya 50 bora za FIFA na wewe umecheza asilimia fulani ya mechi zake za karibuni, unapita moja kwa moja. Kwa nchi 10 za juu inatosha kucheza asilimia 30 ya mechi. Kwa zilizo kati ya 31 na 50 inatakiwa 70. Tanzania tuko mbali na 50, kwa hiyo mlango huo kwetu ni ukuta. Yanabaki makombo: dakika ulizocheza kwenye ligi, ubora wa ligi hiyo, dakika za mashindano ya bara, klabu yako imemaliza nafasi ya ngapi. Ligi zimegawanywa kwa madaraja 6, na zisizotajwa zote zinatupwa kwenye la 6. Tangu 2023 klabu zimepewa na nafasi chache za kuchukua wachezaji wasiofikisha pointi, hadi 4 kwa klabu za Premier League na za Championship, daraja la pili la England, lakini klabu hazitoi nafasi hizo kwa kijana ambaye hawajamwona akicheza.

Ukiona hizi ni hesabu za gemu tu, muulize Mkenya yeyote kuhusu Januari 2010. Manchester City walishaelewana na Parma kumchukua McDonald Mariga. Kibali kikakataliwa. Sheria ya wakati ule ilitaka nchi ya mchezaji iwe ndani ya 70 bora, na Harambee Stars haikuwemo. Mariga mwenyewe hakuwa na kosa lolote. Aliponzwa na msimamo wa timu yake ya taifa kwenye jedwali la FIFA. Akaenda Inter Milan, na Mei mwaka huo Inter wakabeba Ligi ya Mabingwa. Sijui kama City waliwahi kukataliwa kitu na kikawauma hivyo.

Mbwana Samatta alipoingia Aston Villa Januari 2020, Mtanzania wa kwanza kucheza Premier League, sheria za pointi za sasa zilikuwa bado. Ila alikuwa na miaka minne ya Genk, klabu ya Ubelgiji, mgongoni. Hilo tulitunze, tutalihitaji mbele.

Leseni ni habari nyingine kabisa

Ukianza sevu, gemu linakupa ngazi ya leseni: kutoka hujasoma kabisa, kupitia zile za taifa, hadi Pro ya bara, iliyo juu kabisa. Ukiwa kazini unaiomba bodi ikulipie kozi, unasubiri miezi, cheti kinakuja, na sifa zako zinapanda. Leseni ya chini itakuponza ukiomba kazi nyingine, basi.

Nje ya gemu bili yake ni kubwa zaidi. Will Still, Mwingereza aliyezaliwa Ubelgiji na anayejulikana kwa kulipenda gemu hili hili tangu utotoni, alipewa timu ya Reims ya Ufaransa Oktoba 2022 akiwa na miaka 29. Leseni ya Pro hakuwa nayo. Klabu ikawa inalipa faini ya euro 25,000 kwa kila mechi ambayo yeye ni kocha mkuu. Wakalipa, kwa sababu alikaa mechi 17 za ligi bila kupoteza, mojawapo ikiwa sare ya 1-1 ugenini kwa PSG, bao la Reims likiingia dakika za majeruhi. Kule wenye ligi walikuwa tayari kukuacha uendelee mradi utoe pesa.

CAF, shirikisho la soka la Afrika, hawakutaka pesa. Septemba 2021 Simba walikuwa na Mfaransa Didier Gomes, mwenye leseni A ya UEFA, shirikisho la soka la Ulaya. Kwa mashindano ya klabu Afrika, CAF walitaka kocha mkuu awe na A ya CAF au Pro ya UEFA. A ya Ulaya haikutosha. Ilibidi aletwe Mnyarwanda Hitimana Thierry, mwenye cheti kinachokubalika, awe kwenye benchi. Ukitazama kwa jicho la gemu haileti maana: Mfaransa anayefundisha timu kubwa na kuchukua nayo ubingwa wa ligi, anazidiwa na msaidizi wake kwa sababu ya karatasi. Oktoba 24 Simba wakafungwa 3-1 na Jwaneng Galaxy hapo hapo Dar es Salaam, baada ya kushinda 2-0 ugenini. Wakatolewa, na Gomes akaondoka ndani ya wiki hiyo. Sisemi leseni ndiyo iliyofungisha. Nasema tu kwamba kibali chake cha kazi kilikuwa sawa, uraia wake haukuwa na tatizo, na bado mlango mmoja ulimkatalia.

Pasipoti ikupeleke Ulaya ipi?

Bara lililobaki linafuata mantiki tofauti na ya Uingereza. Hukumu ya Bosman ya Desemba 15, 1995 ilisema ligi za Umoja wa Ulaya haziwezi kuwawekea kikomo wachezaji walio raia wa nchi nyingine za umoja huo. Tangu hapo "mgeni" kule ni mtu wa nje ya umoja, na pasipoti ya pili ikawa mali. Ndiyo maana wachezaji wengi wa Argentina wana babu Mwitaliano.

Hapa kuna kitu ambacho wachezaji wa gemu wa kwetu huwa hawakioni. Mkataba wa Cotonou, uliosainiwa Benin mwaka 2000 kati ya Ulaya na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki, ulikuwa na kipengele kilichozuia ubaguzi kwenye masharti ya kazi. Ufaransa iliupa uzito kwenye soka: klabu ina nafasi 4 za wachezaji wa nje ya Ulaya, lakini raia wa nchi za mkataba huo hawahesabiwi humo. Tanzania imo, Kenya imo, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zimo. Mbrazili anakula nafasi ya mgeni, Mtanzania hali. Ukiwa na klabu ya Ufaransa kwenye sevu yako, winga wa Azam ni rahisi kumsajili kuliko winga wa Santos.

Ila tusichanganye tena milango. Mkataba huo ulimsaidia mtu aliyeshaingia kihalali afanyiwe sawa na wenyeji. Haukumpa viza. Atakwenda ubalozini na bahasha yake kama kawaida, akapange foleni na mama anayekwenda kumwona mwanawe Marseille.

Kuhusu kupata uraia wenyewe, kila nchi kwenye gemu imewekewa miaka ya kuishi kabla mtu hajaupata, na kwa sehemu kubwa inafuata sheria za kweli. Hispania kwa watu wengi ni miaka 10, lakini kwa raia wa nchi za Amerika ya Kilatini zinazozungumza Kihispania au Kireno, na wengine wachache kama Waguinea ya Ikweta na Wafilipino, ni 2 tu. Ndiyo maana kila baada ya misimu miwili Real Madrid yako inakuletea habari njema kuhusu Mbrazili fulani. Ubelgiji na Ufaransa ni 5. Kisichoonyeshwa ni karatasi: maombi, mtihani wa lugha, miaka ambayo faili limelala kwenye kabati la ofisi fulani.

Na huku kwetu

Kocha wa kigeni akija Dar es Salaam anahitaji nyaraka mbili, na hili linawashangaza hata mashabiki wanaokwenda kumpokea uwanja wa ndege. Kwa Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015, kibali cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi. Kibali cha ukaazi, daraja B kwa walioajiriwa, hutolewa na Idara ya Uhamiaji. Ukiwa na kimoja bila kingine hujakamilika. Kibali cha kazi kinadumu miezi 24 na kinaweza kuongezwa, ila jumla ya miaka ina kikomo. Kikomo hicho sidhani kama kimewahi kumsumbua kocha wa Simba au Yanga. Anayefikisha miezi 24 tunamwita mzee wa klabu.

Mganda na Mrundi nao wanahitaji vibali. Soko la pamoja la Afrika Mashariki lipo tangu Julai 2010, lakini uhuru wa wafanyakazi ndani yake una orodha ya kada na masharti ya kila nchi. Haukufanana na ule wa Emery wa 2018.

Uraia wa tajnisi, yaani ule anaopewa mgeni kwa kuomba, ndio uliowasha moto zaidi. Januari 2025 Idara ya Uhamiaji ilithibitisha kwamba wachezaji watatu wa Singida Black Stars, Emmanuel Keyekeh wa Ghana, Josephat Bada wa Ivory Coast na Muhamed Camara wa Guinea, wamepewa uraia wa Tanzania. Sheria yetu kwa kawaida humtaka mwombaji awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na kabla ya hapo jumla ya miaka 7 ndani ya 10, pamoja na kujua Kiswahili au Kiingereza. Hawa hawakuwa na muda huo. Kijiweni hakuna aliyefungua sheria. Hesabu ilikuwa moja tu: klabu iliruhusiwa wageni 12, na watatu wamegeuka wenyeji. Mlango wa serikali ulifunguliwa, na papo hapo mlango wa ligi ukafunguka nao. Kwenye gemu jambo kama hilo lingetuchukua misimu mingi.

Kwa kocha, uraia hauna faida hiyo ya nafasi, kwa sababu benchi halina hesabu ya wageni 12. Wala FIFA haijali kocha wa taifa ni raia wa wapi. Mchezaji wa Harambee Stars lazima awe Mkenya, kocha wake anaweza kuwa Benni McCarthy wa Afrika Kusini. Ajabu ni kwamba tangu 1930 hadi 2022 hakuna timu iliyobeba Kombe la Dunia na kocha asiye raia wa nchi hiyo.

Na lile sanduku la "uraia wa pili" unalojaza mwanzoni mwa sevu? Mkenya anaweza kulijaza kwa amani, katiba yao ya 2010 inaruhusu. Mtanzania mtu mzima akiandika Tanzania na Ireland ili arahisishe maisha, ajue sheria ya nchi yake haitambui uraia pacha. Gemu linatambua.

Winga wetu hatukumtupa. Mdogo wangu alimweka kwenye orodha ya kufuatiliwa. Msimu uliofuata Genk wakamchukua, kwa kuwa Ubelgiji haina kikomo cha wageni. Inachotaka ni mchezaji wa nje ya Ulaya alipwe mshahara usiopungua kiwango kikubwa kilichowekwa. Akacheza. Misimu mitano ikapita kwa wiki tatu za usiku wetu, na siku moja ukaja ujumbe kwamba amepata uraia wa Ubelgiji. Mdogo wangu akaruka, akapeleka ofa, kibali kikatoka.

"Umeona, kaka? Pasipoti imefanya kazi."

Nikamfungulia ukurasa wa mchezaji. Pasipoti ya Ubelgiji haimsaidii mtu Manchester tangu 2021. Kilichomvusha ni dakika alizocheza Genk, ambazo zilikuwa zimetosha tangu msimu wa tatu, tungemwangalia mapema. Akakaa kimya kidogo, kisha akaangalia ratiba ya mechi za kimataifa. Taifa Stars walikuwa wamemwita tena, na pembeni mwa jina lake bendera zilikuwa mbili.

"Hii moja," nikamwambia, "Uhamiaji wangeifuta."

"Usiwaambie," akasema, akabonyeza kuendelea.